Mkono wa Fundi katika Jengo la Tharia Topan

Jengo la Tharia Topan, maarufu kama Zahanati ya Zamani, linaikabili bahari katika Mji Mkongwe wa Unguja, karibu na bandari. Topan alikuwa tajiri Mwismaili mzaliwa wa Kutch, India. Alisimamia forodha ya Sultani wa Zanzibar na kukopesha misafara ya bara, ikiwemo ya mfanyabiashara Tippu Tip. Utajiri wa zama hizo ulitokana na karafuu na pembe za ndovu, kwa jasho la watumwa na wapagazi. Ukambani, Kenya, nako pembe zilishushwa hadi Mombasa na misafara ya Wakamba. Mfanyabiashara Kivui wa Kitui aliivumisha biashara hiyo hadi alipouawa mwaka 1851. Kwa hiyo mgeni kutoka Matiliku, Makueni, huko huko Ukambani, anapozuru jengo hili haangalii historia ya watu wengine tu.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, kuadhimisha jubilei ya Malkia Victoria, na jengo lilikusudiwa kuwa hospitali. Topan alifariki mwaka 1891. Ujenzi ukakamilika mwaka 1894. Baadaye ghorofa ya chini ikawa zahanati, na za juu makazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo lilikosa matunzo likachakaa, hadi Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulipolikarabati katika miaka ya 1990.

Uzuri wake uko kwenye roshani za mbele. Mbao zake zimetobolewa kwa subira kama kofia ya kushonwa kwa mkono, na juu yake kuna vioo vya rangi. Ndani, vyumba vinauzunguka ua wa katikati.

Kazi kubwa zaidi, hata hivyo, ni ile isiyoonekana: chokaa. Fundi huchoma mawe ya matumbawe, huyazima kwa maji, kisha huiacha chokaa iive kabla ya kuichanganya na mchanga. Huipaka kwa tabaka nyembamba, akingoja kila moja ishike kabla ya kuongeza nyingine. Ukuta wa namna hiyo hupitisha unyevu. Saruji ikipakwa juu yake huufungia unyevu ndani. Chumvi hujikusanya, lipu huvimba na kubanduka. Mwenye haraka huharibu alichokuja kuokoa. Fundi hodari huusoma ukuta kwanza, hubakiza kilicho kizima na kurudishia kilichooza kwa vifaa vya jamii ileile.

Ndiyo maana ufundi huu unastahili heshima sawa na ya msanifu na ya tajiri aliyegharamia. Majina yao yamehifadhiwa. Ya mafundi wengi hayajulikani. Makueni nayo, katika miji ya reli kama Makindu na Sultan Hamud, ilijengewa maduka enzi za ukoloni. Yatakapokarabatiwa, aitwe kwanza fundi anayejua yalivyojengwa, na vijana wa Matiliku wawekwe kando yake wajifunze.