Njia ya Ziwa Hupimwa Ukingoni mwa Lami

Anayesifu njia ya baiskeli ya kuzunguka ziwa huanza na ziwa: maji, ndege, milima ya ng'ambo. Hizo ni sifa za abiria. Aliyekalia baiskeli ya tairi jembamba hutazama mita kumi za lami zilizo mbele yake, na ni hizo mita kumi, zikirudiwa mara elfu kadhaa, zinazoamua kama njia ni njema au la. Ndiyo maana napenda kumfunza mtu jicho kule Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Ziwa lenyewe halikusumbui. Ukiwa kwenye barabara ya Moi South Lake unaweza kukanyaga pedali kwa muda mrefu bila kuliona, maana limejificha nyuma ya migunga, nyua za hoteli na mabanda ya plastiki ya mashamba ya maua. Unabaki na barabara tu.

Anza na ukingo wa kushoto, kwa sababu ndiko utakakoishi. Katikati ya lami mara nyingi ni pazuri; huko ndiko magari yanakopita na ndiko pesa za ukarabati zinakoishia. Ukingo una mambo yake. Mbele ya lango la shamba la maua basi la wafanyakazi husimama magurudumu nusu juu ya lami, nusu juu ya udongo. Likifanya hivyo kila siku, lami hupasuka na kumeguka. Mvua inakuja, inachota udongo wa chini, na kunabaki kidato: lami juu, mtaro mwembamba chini. Dereva wa gari hana habari nacho. Wewe ukishuka pale kukwepa lori, halafu ukajaribu kurudi kwa kuchepuka taratibu, tairi la mbele litasugua kidato hicho, likatae kupanda, na utaanguka upande wa magari. Kwa hiyo swali la kwanza kwa njia yoyote ni hili: je, ninaweza kutoka barabarani na kurudi bila kushuka kwenye baiskeli? Kama jibu ni ndiyo kwa sehemu kubwa ya safari, nakubali viraka, nakubali lami ya kokoto inayotetemesha mikono, nakubali hata kutoliona ziwa.

Yupo shahidi mwingine ambaye wageni humpuuza. Wafanyakazi wa mashamba na wachuuzi wa Karagita huendesha Black Mamba, zile baiskeli nzito za chuma, katika barabara hiyohiyo, asubuhi na jioni, wakiwa na mizigo nyuma. Ukiona wamejichongea kijia chao cha udongo kando ya lami, na kijia kimelainika kwa matumizi, hiyo ni hukumu iliyokwisha kutolewa na watu wanaoijua barabara kuliko ramani yoyote. Kijia kikikoma na wao wakarejea juu ya lami, nawe tulia. Kipande hicho kina nafasi.

Matuta nayo yana ubora wake, ingawa hakuna anayeyapenda. Tuta jema lina mgongo mpana, limepakwa rangi, na lipo mahali penye sababu: shule, soko, lango. Tuta baya ni jembamba, lina kilele kikali, halina rangi, na limewekwa mwisho wa mteremko, pale ambapo mwendo wako ni mkubwa na kivuli cha mgunga kimelifunika. Halafu kuna yale madogo madogo yanayofuatana, ambayo gari huyapita kwa mngurumo na wewe unayapita meno yakigongana. Mara nyingi pikipiki huwa zimepata upenyo pembeni. Upitie, lakini geuza shingo kwanza. Bodaboda nao wanaujua.

Mwelekeo wa kuzunguka ni jambo ambalo wengi huliachia bahati. Wajapani hawakuliachia. Ziwa Biwa, lililo jirani na Kyoto, lina njia ya baiskeli inayolizunguka lote kwa takriban kilomita 200, na mwaka 2019 serikali yao iliiweka katika kundi la kwanza la njia za kitaifa za baiskeli. Mishale ya buluu imechorwa kwenye lami upande wa kushoto, na desturi ni kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Huko, kama kwetu, magari hupita kushoto. Ukizunguka hivyo maji hukaa kushoto kwako daima, na hakuna gari linalotoka ziwani kukukata njia.

Naivasha kanuni hiyo inashika nusu tu, kwa kuwa upande wa maji umejaa malango ya hoteli na mashamba, na kila lango ni makutano. Hata hivyo mimi bado nashauri kinyume cha saa, ila kwa sababu nyingine: zamu za kazi. Alfajiri na jioni barabara ya kusini hujaa mabasi na matatu yanayopeleka na kurudisha wafanyakazi. Ukitoka mjini Naivasha asubuhi ukaanza na upande wa kaskazini, wenye ranchi na watu wachache, utafika Kongoni wakati mabasi yamekwisha kushusha. Utarudi kwa barabara ya kusini watu wakiwa ndani ya mabanda wakikata waridi, na kabla ya upepo wa alasiri, ambao wavuvi na waendesha mashua wa hapo wanauheshimu kuliko wageni. Barabara moja inaweza kuwa nzuri saa nne na mbovu saa kumi na moja. Mwongozo usiotaja saa haujakwambia kitu.

Kuhusu huo upande wa kaskazini niseme wazi: kwa miaka mingi ulijulikana kwa vumbi na mawe, na hali yake hubadilika kipande kwa kipande. Uliza wiki hiyohiyo, usitegemee ushuhuda wa mwaka jana. Mwenye tairi la milimita 25 asijitie ushujaa. Kuna watu wanaoamini kwamba ziwa lisipozungukwa lote safari haijakamilika, nami siwaelewi. Kwenda hadi Kongoni na kurudi kwa njia ileile ya kusini ni safari kamili, na barabara ya kurudi si ile uliyokwenda nayo: miinuko imegeuka miteremko, upepo umehama shavu. Hata Biwa kwenyewe wenye busara hukatiza kwenye daraja la Biwako Ohashi na kuzunguka sehemu ya kaskazini tu, kilomita 150 hivi. Njia njema inakuruhusu kughairi. Biwa ina vituo vya treni pande zote. Naivasha ina matatu yenye keria juu ya paa na utingo atakayefunga baiskeli yako kwa kamba ya mpira, mkikubaliana nauli kabla haijapanda.

Wengine hulalamika kwamba barabara iko mbali mno na maji. Katika Bonde la Ufa huo si upungufu. Ziwa hili hupanda na kushuka lenyewe. Mwaka 2020 lilipanda hadi likaingia katika nyumba za watu mtaa wa Kihoto. Oloiden, kule kusini-magharibi, huwa ghuba ya ziwa kubwa maji yakijaa na huwa ziwa dogo la pekee yakipungua. Barabara iliyojengwa ufukweni kabisa ingekuwa nzuri kwenye picha, na kila baada ya miaka kadhaa ingekuwa chini ya maji. Anayetaka kuona ziwa achepuke hadi fuo za umma, Karagita au Kamere, ambako wavuvi hushusha tilapia. Awe ameondoka hapo kabla ya magharibi, maana kiboko hutoka majini giza likiingia kwenda malishoni na hakubali kuzuiwa njia. Pundamilia na twiga wanaovuka lami upande wa Kongoni hawana ubaya huo, lakini kumbuka kwamba pundamilia mmoja akivuka, yupo mwingine nyuma yake aliyechelewa.

Tambarare tupu huchosha akili kabla ya miguu, na hapa ndipo Naivasha inapoyashinda maziwa mengi. Ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban sehemu moja kati ya tano kuliko Mombasa. Mgeni kutoka pwani atashangaa: kwenye tambarare hewa nyepesi haimpingi sana, kwa hiyo atajiona ana mbio kuliko alivyozoea nyumbani. Kisha atageuka kuelekea Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, na mapafu yatamdai deni lote. Mwinuko huo naupenda kwa sababu haudanganyi. Unaona mvuke ukifuka kwa mbali, unajua unakokwenda. Hell's Gate, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1984, iko palepale, nayo ni mojawapo ya hifadhi chache za Kenya zinazoruhusu baiskeli, ila humo ndani njia ni ya udongo na mchanga. Kodi baiskeli ya tairi nene langoni, ile yako ipumzike.

Suala la kushuka kutoka Nairobi kwa baiskeli nalimaliza haraka. Barabara ya chini, ya Mai Mahiu, inapita kikanisa kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, na mandhari yake ni ya kukatisha pumzi. Pumzi hukatishwa pia na malori yanayoshuka nyuma yako yakinuka breki. Ya juu, kupitia Limuru, ina baridi na ukungu, na magari yake yana haraka. Panda matatu.

La mwisho ni fundi, na katika hili vitabu vya wageni havisemi kweli, kwa kudhani kwamba msaada ni maduka yenye vioo. Kandokando ya barabara ya kusini mafundi baiskeli wapo, chini ya mti, na karai la maji la kutafutia pancha. Watakunyooshea rimu, watakuungia mnyororo, watakukazia spoki kwa sikio tu. Wasichokuwa nacho aghalabu ni tyubu ya baiskeli ya mbio yenye mdomo mwembamba, wala pampu inayoingia kwenye mdomo huo. Beba tyubu mbili, pampu yako mwenyewe, na kile kichwa kidogo cha shaba kinachofungwa juu ya mdomo mwembamba ili pampu ya kawaida iushike. Bei yake ni ndogo kuliko ya soda, nacho hukaa kwenye mfuko wa fulana pamoja na nauli ya matatu.