Baloji: mutoto wa Lubumbashi aliyejibu barua mara mbili

Tuanze na jina. Baloji. Si jina la kutafutia sifa jukwaani. Njo jina alilopewa alipozaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Kwetu kila mtu anasikia ndani yake neno walozi, na tunajua uzito wake. Mutoto akiitwa mulozi nyumbani, mara nyingi anaishia barabarani.

Baba yake alimpeleka Ubelgiji akiwa bado mudogo sana, mama akabaki. Kule Liège alianza na rap, katika kundi Starflam. Kisha, baada ya miaka zaidi ya 20 ya kimya, barua ya mama ikafika. Albamu Hotel Impala (2007) ni jibu la barua ile. Ina uchungu wa kweli, lakini ni ya mutoto anayejieleza: mimi, njia yangu, kidonda changu. Mama njo aliandika, lakini mama hatumsikii.

Hapo njo ninaona siri ya kazi yake yote: Baloji anakuwa mkubwa pale anapojitoa katikati.

Angalia Kinshasa Succursale. Alirudi Congo, akachukua nyimbo nyingi za albamu ile na kuzirekodi upya pamoja na wanamuziki wa hapa. Katika «Karibu ya Bintou», likembe za umeme za Konono No 1 zinamsukuma, na yeye anakubali kusukumwa. Katika «Le jour d'après / Siku ya baadaye», anashika Indépendance Cha Cha, wimbo wa Grand Kallé wa 1960, na kuuliza: baada ya sherehe, tulifanya nini? Hata kundi lake la jukwaani alilipa jina la mtaa wetu: Orchestre de la Katuba.

Kama mwigizaji pia, vilevile. Katika filme Binti (2019) anacheza Jovial, baba anayeishi Ubelgiji bila karatasi. Binti ni mutoto wake mwenyewe, mu filme na mu maisha. Mtu wa maneno mengi sawa yeye, hapa anapunguza, anaangalia, anamwachia mutoto nafasi. Hofu ya polisi inaonekana kwa macho tu.

Si kila kitu ninakubali. Filme yake fupi Zombies (2019) ina mavazi na rangi za kushangaza, lakini inatukemea juu ya simu zetu. Ndugu, sisi wenye diplome bila kazi, simu njo tunatafutia mkate. Pale anatuangalia kutoka mbali. Na Kifaransa chake kinabana sana. Ku Katuba kwenyewe, wangapi wanafuata kila mstari?

Halafu ikaja Augure, filme yake ndefu ya kwanza, iliyopata zawadi ya sauti mpya katika Un Certain Regard, Cannes 2023. Koffi anarudi kutoka Ubelgiji na mchumba wake, damu inamtoka puani juu ya mutoto mchanga, na familia inamwona mulozi. Baloji angeweza kujipa nafasi ile, juu ni karibu maisha yake. Alimpa Marc Zinga, mzaliwa wa Likasi. Tena hakuacha hadithi kwa Koffi peke yake: kuna Paco, mutoto wa barabarani, kuna dada Tshala, na kuna mama Mujila. Mama aliyemkataa mutoto, tunagundua kwamba naye alibeba jina lile lile la ulozi. Kwa kila mmoja wa wanne hawa, Baloji aliandika albamu yake.

Kwa hiyo ninasema alijibu barua mara mbili. Mwaka 2007 alimwambia mama maumivu yake. Mwaka 2023 alimuuliza mama: na wewe, walikufanyia nini?

Wengi wetu tuko na swali hilo nyumbani, na bado hatujaliuliza.