Kazi Mbili za Mkono Mmoja

Nyumba njema si mlango. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila asimamaye mbele ya kiunzi cha mnyama wa kale katika nyumba ya makumbusho. Mifupa ni ya mnyama, lakini namna ilivyosimamishwa ni kazi ya mtu, nayo yaweza kusifiwa au kulaumiwa kama kazi nyingine yoyote.

Tutazame kiunzi kimoja mashuhuri. Mwaka 1787 mtawa aitwaye Manuel Torres alichimbua mifupa mikubwa ukingoni mwa mto Luján, katika nchi ambayo leo ni Ajentina. Mwaka uliofuata ilipelekwa kwa meli mpaka Madrid, mji mkuu wa Hispania, ikatiwa mikononi mwa Juan Bautista Bru, mchoraji na fundi wa makumbusho ya mfalme. Bru aliiunganisha akaisimamisha, nayo ingali imesimama Madrid hata leo.

Mnyama huyo ni Megatheriumu, mla mimea, ambaye urefu wake ulifika mita 6 na uzito wake tani 4, kadiri ya ndovu. Alitoweka duniani zaidi ya miaka 10,000 iliyopita.

Nianze na lawama. Bru alimsimamisha kwa miguu minne, kama ndovu. Lakini zitazame kucha zake, ndefu na zenye kupinda: mwenye kucha kama hizo hawezi kukanyaga chini kwa wayo mzima, hana budi kuulaza wayo na kwenda kwa ubavu wake wa nje. Tena nyonga zake ni pana, na mifupa ya miguu ya nyuma ni minene kama magogo. Mwili huo uliweza kuinuka wima na kuyafikia majani ya juu. Katika makumbusho ya London, mfano wa kiunzi chake umesimama kwa miguu miwili mbele ya mti, na mkia umekuwa kama mguu wa tatu wa kigoda. Mtazamaji huusadiki zaidi, kwa kuwa nyonga na mkia wenyewe hutoa ushahidi.

Huenda msomaji akasema ya kuwa si haki kumlaumu mtu wa zamani kwa elimu ya leo. Ni kweli, Bru hakuwa na mfano wa kufuata, kwani kabla yake hakuna aliyewahi kukisimamisha kiunzi cha mnyama aliyetoweka. Palipokosekana ushahidi, alijaza kwa wanyama aliowazoea. Kosa hilo laeleweka, lakini kueleweka hakuligeuzi kuwa sawa.

Sasa zije sifa. Bru huyo huyo aliuchora kila mfupa peke yake, akauandikia maelezo. Nakala za michoro zilifika Paris, na mwaka 1796 mtaalamu Georges Cuvier, asiyepata kuiona mifupa yenyewe, aliisoma michoro hiyo. Kwa meno na kucha alitambua kwamba jitu hili ni jamaa ya wale wanyama wadogo wa misitu ya Amerika waningʼiniao matawini na kwenda polepole mno. Ndiye aliyempa jina lake.

Basi kati ya kazi hizo mbili naipa michoro heshima kubwa zaidi. Kiunzi kiliwavuta watu kwa ukubwa wake, lakini kilichanganya yaliyoonekana na yaliyodhaniwa. Michoro ilisema yaliyoonekana tu, na kwa hiyo mtu aliye mbali, katika nchi nyingine, aliweza kuyatumia kufikia ukweli ambao mchoraji hakuufikia.

Nawe, msomaji, uonyeshwapo kiunzi popote, uliza: upi hapa ni mfupa, na ipi ni dhana? Uliza vivyo hivyo juu ya insha yako. Eleza kwanza kwa uaminifu ulichokiona, kisha toa hukumu yako. Hukumu ikikosea, maelezo yako yatamsaidia mwingine kuisahihisha.