Zimwi Likujualo: Nunda, Simba na Hofu ya Jirani

Wahakiki wetu wana mazoea ya kulipokea zimwi kwa haraka na kulivua ngozi papo hapo. Likijitokeza tu katika hadithi, husemwa kuwa ni ishara: mara njaa, mara mkoloni, mara tamaa ya wakubwa. Usomaji wa namna hiyo una faida yake darasani, lakini huanzia pale hofu inapokwisha. Mkulima aliyekesha juu ya dungu huko Ruangwa wakati wa mavuno, nguruwe mwitu wakiguna pembezoni mwa shamba lake, hana nafasi ya kuelezwa kwamba anachokiogopa ni ishara ya kitu kingine.

Ruangwa na Nachingwea, wilaya mbili za mkoa wa Lindi zilizokuwa moja kabla ya kugawanywa, ni nchi ya Wamwera hasa, wakiishi pamoja na Wamakonde, Wamakua na Wayao. Msomaji wa visiwani akilisikia jina la Nachingwea hukumbuka mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951, au kambi ya FRELIMO ambako Samora Machel aliwafunza wapiganaji wake. Habari ya simba haimfikii sana. Hata hivyo, utafiti wa Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao, uliochapishwa mwaka 2005, ulihesabu Watanzania wasiopungua 563 waliouawa na simba tangu mwaka 1990, na zaidi ya 300 waliojeruhiwa, na kusini-mashariki ya nchi ndiko kulikoumia zaidi. Wengi walishikwa wakati wa mavuno, wakilinda mashamba. Nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na katikati yao amelala mtu ndani ya kibanda cha nyasi.

Watafiti hao walirudi na jambo jingine mwaka 2011. Mashambulio mengi hutokea katika saa za kwanza za giza baada ya jua kutua, na huzidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa kuwa mwezi huchelewa kuchomoza na simba ana njaa ya usiku wa mbalamwezi. Saa hizo ndizo za paukwa na pakawa. Bibi aliyewatisha wajukuu kwamba atakayesimulia hadithi mchana ataota pembe alikuwa, kwa kujua au kwa kutojua, akiwakusanya watoto karibu na moto katika saa ambayo mtoto wa kutangatanga hurudi nyumbani au harudi tena. Zimwi la hadithi lilikuwa na kazi ya ulinzi kabla halijawa na maana.

Lakini kazi hiyo peke yake haielezi sura ya zimwi. Lingekuwa simba tu, lingetoka msituni na kurudi msituni. Hadithi za Kiswahili hazitaki hivyo. Mfano ulio bora ni kisa cha Sultani Majnuni, kilichosimuliwa Unguja na kuchapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili. (Steere huyo huyo, miaka sita baadaye, aliongoza watumwa walioachwa huru hadi Masasi, jirani ya Nachingwea; kwa hiyo kitabu na nchi ya simba vilikwisha kukutana katika miguu ya mtu mmoja.) Nunda wa kisa hicho, mla watu, alianza kuwa paka wa nyumbani. Akala kuku, sultani akasema paka ni wake na kuku ni wake. Akala mbuzi, ng'ombe, punda, ngamia. Akala mtoto wa watu, kisha mtu mzima, na jawabu la mwenye mali likabaki lile lile. Mpaka mnyama alipowala watoto watatu wa sultani mwenyewe ndipo baba alipokiri kwamba huyu si paka tena.

Ukali wa kisa haumo katika meno ya nunda. Umo katika ule mlolongo wa samahani. Kila mnyama aliyeliwa ni nafasi iliyopita, na msikilizaji anaiona ikipita. Fanani hakuhitaji kulipa dude lake vichwa saba. Alihitaji mfugaji anayelipenda.

Kisa cha binti aliyesahau kombe lake pwani kinakwenda njia hiyo hiyo. Zimwi linamtia ndani ya ngoma, linazunguka naye mijini, linapiga, naye anaimba. Watu wanafurahi, wanalipa wali na kuku. Zimwi ni mgeni wa heshima, mpigaji stadi, na kila mji uliokwisha kulikirimu umekwisha kumsikia mtoto akilia bila ya kujua. Ni wazazi peke yao wanaoitambua sauti. Hapa ndipo methali inapopata uzito wake: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huchukuliwa kuwa faraja, yaani adui wa karibu ni afadhali. Lakini faraja hiyo imekiri kwanza kwamba utaliwa, na kwamba anayekula anakujua.

Sasa arudi msomaji kusini. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, na ng'ambo ya Ruvuma, imani ya simba-mtu imekuwapo kwa muda mrefu: kwamba simba wengine hutengenezwa au hutumwa na mtu mwenye chuki. Harry West, aliyefanya utafiti kwa Wamakonde wa Mueda, anaeleza jinsi alivyowasomea wenyeji makala akidai kuwa simba hao ni ishara, lugha ya kusemea mamlaka na husuda. Mmoja wao akamjibu kwa adabu kwamba hakuelewa: simba wale si ishara, ni simba wa kweli. Jibu hilo lingestahili kubandikwa mlangoni mwa kila idara ya fasihi. FRELIMO nayo, baada ya vita, iliukemea uchawi kama ujinga wa zamani, na simba-mtu hakuondoka kwa kukemewa.

Hata hivyo, kuyaheshimu maneno ya mwenyeji si kuyafuata hadi mwisho. Mwaka 2002 na 2003, huko Muidumbe, kaskazini mwa Msumbiji, simba waliua makumi ya watu, na umati ukawaua watu waliotuhumiwa kuwa ndio wenye simba. Hapo zimwi likujualo lilipewa jina, nyumba na ukoo. Hofu ya mnyama ina mpaka, kwani mnyama hupigwa risasi na kulala chini. Hofu ya jirani haina mzoga wa kuonyesha.

Popobawa aliyeitikisa Pemba na Unguja mwaka 1995 anafaa kulinganishwa, japo kwa ufupi. Yeye alikuja na popo na giza, bila ukoo, na watu walijihami kwa kulala nje pamoja, wamezunguka moto. Wapo waliofungua hesabu za uchaguzi wa mwaka ule kumwelezea, na waendelee. La kuangalia ni kwamba hofu ya Popobawa iliwatoa majirani nje wakakaa pamoja, na hofu ya simba-mtu huwafungia ndani kila mmoja na orodha yake.

Wamakonde wenyewe wana shule ya jambo hili. Kinyago cha midimu, kwa upande wa Tanzania, au mapiko kwa upande wa Msumbiji, huwatisha watoto kama kitu kilichotoka kaburini, mpaka jandoni mvulana anapofunuliwa uso wa mtu aliye ndani, na kukabidhiwa siri aitunze. Huyo mtu mara nyingi anamjua. Hakuna anayepigwa kwa kugunduliwa. Kinyago kinavikwa tena na ngoma inaendelea.

Katika kisa cha nunda kazi ya kufunua imepewa mama. Mwanawe wa mwisho anakwenda porini, anaua mnyama, anamkokota hadi nyumbani akiamini kazi imekwisha. Mama anamtazama mnyama na kusema siye. Kijana anarudi na mkubwa zaidi, siye. Anarudi na pundamilia, na twiga, na kifaru, na tembo, wakubwa wa kutosha kumridhisha mtu yeyote mwenye majonzi, na mama, aliyefiwa na watoto watatu, bado anawakagua mmoja mmoja na kusema siye.