Punda Asiye na Mzigo

Kazi ya likizo ndefu wanayopewa wanafunzi wa animesheni haina maajabu: jaza daftari, chora vitu vinavyosogea, usinakili picha. Wengi huipokea kwa manung'uniko. Muhula mzima wamehangaika na programu za kompyuta, sasa wanarudishwa kwenye penseli na kifutio kama watoto wa chekechea. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yenyewe, mengine ni vifaa. Na mtu akiniuliza akaifanyie wapi, nitamwambia apande basi aende Lamu.

Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, una vichochoro ambavyo gari halipenyi. Mchanga, saruji, mawe ya matumbawe, vyote vinakwenda mgongoni mwa punda. Ukikaa kwenye baraza ya pwani asubuhi utapitiwa na punda wengi kuliko mkono wako unavyoweza kuwafuata. Mwendo wao una mpangilio: mguu wa nyuma wa kushoto, wa mbele wa kushoto, wa nyuma wa kulia, wa mbele wa kulia, kisha unaanza tena. Kuusema ni rahisi. Kuuona ndiyo kazi, kwa sababu jicho hudai limekwisha kuona kabla halijatazama.

Wachoraji wakubwa wa Ulaya walidanganyika hivyo hivyo kwa karne nyingi, wakamchora farasi anayekimbia akiwa amenyoosha miguu yote minne, ya mbele mbele na ya nyuma nyuma. Mwaka 1878 huko Palo Alto, Marekani, Eadweard Muybridge alipanga kamera kandokando ya njia, farasi akapita akikata nyuzi zilizofyatua picha moja baada ya nyingine. Ikaonekana kwamba miguu yote huachana na ardhi pale inapokusanyika chini ya tumbo. Tangu hapo mchoraji hana kisingizio.

Lakini mpangilio wa miguu peke yake hautoshi. Mpwa wangu anasomea fani hii Nairobi, na mwezi wa Julai alikwenda Lamu na daftari lake. Watoto walimzunguka, mmoja akataka kujua kwa nini punda wake ana miguu sita. Alikuwa amechora hatua moja juu ya nyingine. Watoto wakacheka, naye akacheka. Aliyemnyamazisha ni mzee mmoja mwenye punda, aliyeliangalia daftari kwa muda kisha akasema, "Mwanangu, mchoro mzuri, lakini punda huyu hakubeba kitu." Mgongoni pa mnyama palikuwa na shogi mbili za mchanga zimechorwa vizuri, mpaka msuko wa ukili unaonekana. Uzito haukuwamo.

Uzito hauchorwi kwenye mzigo. Uko kwenye shingo, inayoshuka kila mguu wa mbele unapokanyaga. Uko katika hatua, ambazo huwa fupi na hazina haraka ya kuondoka chini. Na shogi yenyewe huchelewa: punda akisimama, mchanga bado unakwenda mbele kidogo, kisha unarudi. Filamu ina picha 24 kwa sekunde, na mchoraji kwa kawaida huushikilia kila mchoro kwa picha mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Ndani ya michoro hiyo kuchelewa kwa shogi huenda kukachukua miwili tu. Ukiiacha, punda amebeba pamba.

Walipotengeneza filamu ya Bambi, iliyotoka mwaka 1942, studio ya Disney ililetewa kulungu wachanga walio hai ili wachoraji wawakodolee macho. Fedha hizo sisi hatuna, ila punda tunao bure. Hapa kwetu katuni ya Tinga Tinga Tales ilichorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, na miaka miwili baadaye Ng'endo Mukii alitoa filamu yake Yellow Fever alipokuwa akihitimu London; kwa hiyo hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba Mkenya anaweza. Ninachokitamani ni mwendo wa kwetu: bega la mchukuzi, buibui linalovutwa na Kusi kwenye kona ya kichochoro. (Kwa buibui, chora nguo, uiache sura, na kabla ya kumchora mtu yeyote, toa salamu na uombe ruhusa.)

Mtihani mgumu zaidi uko majini, katika mkondo kati ya Lamu na Manda. Mashua ikibisha, nahodha husukuma usukani, tanga hulegea na kuanza kupigapiga, kamba ya demani inavutwa, na waliokaa kwenye ubao ulionyooshwa nje ya chombo wanarudi ndani mbio kuhamia upande wa pili. Hakuna kinachomngoja mwenzake. Kila tendo linaanza la kwanza likiwa bado halijaisha, na hapo ndipo wanafunzi hukwama, kwani wamezoea kumaliza moja kabla ya kuanza jingine. Asiyejua kamba ipi inavuta nini atachora kitambaa kinachopepea, na mvuvi yeyote wa Shela ataona kwamba chombo kile hakiendi. Ndiyo maana daftari la mpwa wangu lina kurasa kadhaa zisizo na mchoro hata mmoja, zimejaa majina ya kamba: henza, demani, goshi.