Werevu na Busara ya Nyoka

Katika Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, nyoka wa Mwanzo 3 aitwa mwerevu. Katika Mathayo 10 wanafunzi waagizwa kuwa wenye busara kama nyoka. Lakini Kiyunani, katika tafsiri ya kale ya Sabini na katika Injili, chatumia neno moja mahali pote pawili: phronimos. Wafasiri wetu wameipima akili kwa kusudi lake: idanganyayo ni werevu, ijilindayo pasipo hila ni busara. Ni upambanuzi mwema, tena wa Kiswahili hasa. Ila msomaji hasikii tena ukali wa agizo: sifa aliyokuwa nayo mdanganyifu ndiyo wanayotakiwa wapole kuwa nayo. Na Kiebrania je? Neno arum, limshutumulo nyoka, lamsifu mtu katika Mithali 14. Maelezo mafupi pembeni mwa ukurasa yangalimfaa mwalimu.