Sala na Mwiko wa Mwashi

Abasia ya Peramiho, magharibi ya mji wa Songea kusini mwa Tanzania, ilianza mwaka 1898 kama kituo cha misheni cha Wabenedikto wa Mtakatifu Otilia, Bavaria. Mwanzilishi wa shirika hilo, Andreas Amrhein, alilelewa utawani Beuron, abasia ya Ujerumani ambayo kanisa lake ni la mtindo wa baroko wa karne ya 18, mtindo wa dari zilizosheheni picha na plasta iliyofinyangwa ikawa maua na malaika. Urembo huo haukufika Ungoni, nchi ya Wangoni ilipo Peramiho. Waliofika, pamoja na mapadre, ni mabruda: waashi, maseremala, wahunzi.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, iliwapa mafundi hao heshima isiyo ya kawaida. Sura ya 31 inamtaka mtunza mali wa monasteri avihesabu vyombo vyote vya nyumba sawa na vyombo vitakatifu vya altare, yaani jembe na kalisi vitunzwe kwa uangalifu mmoja. Sura ya 57 inamwonya fundi asijivunie ujuzi wake, kisha inaagiza kazi yake iuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko ya walimwengu. Mfanyabiashara wa leo angecheka. Lakini aliyefunzwa kwamba randa ina hadhi ya kalisi haiachi ikinyeshewa, wala hapigi plasta ili kuficha ukuta uliopinda.

Miaka ya kwanza haikuwa ya amani. Katika Vita vya Maji Maji misheni iliteketezwa, na askofu Mbenedikto Cassian Spiss akauawa Agosti 1905 akisafiri kutoka pwani. Ikajengwa upya. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani, Waswisi wakaja kuendeleza kazi. Peramiho ikawa abasia mwaka 1931, na kanisa lake kubwa likajengwa kati ya 1943 na 1948, nusu ya muda huo dunia ikiwa vitani. Majina ya maaskofu wake yanajulikana. Ya wenyeji waliochanganya chokaa na kupandisha kuta hayatajwi sana.

Kuzunguka kanisa palikua karakana, kiwanda cha uchapaji, hospitali na chuo cha ufundi. Huko Hanga, monasteri ya watawa Waafrika ilianza mwaka 1957. Miaka ya 1970 Wabenedikto wa Peramiho wakavuka hadi Kenya, wakaingia Bonde la Kerio na Tigoni.

Kwingineko nchini Kenya ujenzi una mwendo tofauti. Kusini ya Kerio katika Bonde la Ufa, huko Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, vyumba vya kupangishia wafanyakazi wa mashamba ya maua vinahitajika upesi, na upesi ndio unaolipwa. Kijana wa mjengo hujifunza kuchanganya saruji kabla hajaonyeshwa timazi, na mwisho wa mwezi huhamia kwa kontrakta mwingine. Miaka ya kukaa chini ya fundi mmoja, kama wanagenzi wa karakana za Peramiho walivyokaa, hakuna anayempa.